Vazi la Binti Sultani

Msomaji, ukiingia katika nyumba ya makumbusho, usitosheke kutazama vinavyong'aa. Kila kitu kilichowekwa pale chafaa kuulizwa: kilikuwa cha nani, kilitokana na kazi ya nani, nacho chatuambia nini? Si lazima uwe mtu wa pwani ili kuuliza hayo. Hata mwanafunzi wa Murera, karibu na Ruiru, aweza.

Tumtazame Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Hakuwa malkia, bali binti Sultani, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Mwaka 1994, jumba la zamani la Masultani mjini Unguja lilipofanywa makumbusho, habari zake zilitengewa chumba.

Picha yake ijulikanayo zaidi ilipigwa Hamburg, Ujerumani. Amevaa kanzu, suruali ndefu na vito, kama wanawake wa jamaa yake. Lakini uso wake u wazi. Kwao Unguja, mwanamke wa daraja yake asingeonekana na wanaume wageni bila barakoa. Vazi ni lile lile, maisha yamebadilika.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Watumwa waliochuma karafuu katika mashamba ya baba yake walijifunga shuka za merikani na kaniki. Hariri ya jumbani ilitokana na jasho lao. Salme mwenyewe aliutetea utumwa katika kitabu chake. Hapana budi tulikumbuke hilo tunapoyasifu mavazi yake.

Hata hivyo, mali yake kubwa haikuwa dhahabu. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, wala hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 akawa mwandishi wa barua za nduguye Barghash, aliyemwasi Sultani Majid. Mwaka 1866 alikimbia Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kilitolewa. Bila kalamu ile, tusingelijua mengi ya nyumba ya Mtoni.

Alifariki Jena mwaka 1924. Miongoni mwa vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, nao ukazikwa pamoja naye. Mchanga huo hauna bei sokoni. Lakini ni nani atakayesema kuwa ulikuwa na thamani ndogo kuliko vito?