Ugomvi wa cheti: kutoka Kericho ya 1966 hadi Chepilat ya leo

Septemba 2026 inatimiza miaka 60 tangu wasomi, maafisa wa serikali na watu wa makanisa walipokusanyika Kericho, katikati ya mashamba ya majani chai, kujadili jambo lililowatia wazazi wengi hofu. Mtoto akimaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari, aende wapi? Mkutano ulianza Septemba 25, 1966, ukachukua wiki nzima. Mijadala yake ilihaririwa na James Sheffield, ikatoka kama kitabu jijini Nairobi mwaka uliofuata. Wasomi wa elimu wa mbali bado huutaja Mkutano wa Kericho. Sisi tuliobaki na jina la mji wenyewe tunaukumbuka kidogo mno.

Hofu ilikuwa na sababu. Uhuru ulikuja na kiu ya shule, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 watahiniwa wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi walizidi 100,000 kwa mwaka, huku nafasi za kidato cha kwanza zikiwa chache. Waliobaki hawakutaka kurudi kuchuma chai ya mtu mwingine. Walipanda basi kwenda Nairobi.

Mwaka huohuo wa 1966, Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza bila kuzunguka: baada ya shule, nini? Jibu lake lilikuwa politekniki za vijiji. Chuo cha Nambale, huko Busia, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Useremala, ushonaji, uashi, ufugaji wa kuku. Walimu wakiwa mafundi wa hapohapo, na karo ndogo.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na kwa maoni yangu haujaisha. Waanzilishi hawakutaka mtihani wala cheti. Kijana angekaa chuoni mpaka aweze kujipatia riziki kwa mikono yake, kisha aondoke, hata kama ni katikati ya mwaka. Fundi wa kijiji, walisema, anajulikana kwa kiti alichokitengeneza. Tena cheti kingempa kijana nauli ya mawazo ya kwenda mjini, na lengo lote lilikuwa abaki nyumbani.

Wazazi waliwasikiliza, wakakataa. Nao walikuwa na hoja. Waliokuwa wakihubiri kwamba cheti si kitu walikuwa wameajiriwa kwa vyeti vyao. Mzazi aliyeuza ndama alipe karo alitaka kuona karatasi yenye muhuri, kwa sababu mwajiri naye angeuliza hiyo. Vijana wakaanza kukaa muda mrefu zaidi wakingoja mtihani wa gredi wa serikali, na vyuo vikapanga masomo yao kuufuata. Serikali ilipoanza kutia fedha katika miaka ya 1970, ratiba, madarasa na mitihani vilifuata fedha hizo. Politekniki ikawa shule, kama wazazi walivyotaka tangu mwanzo.

Lakini politekniki haikuwatosha. Kati ya 1971 na 1973 nchi ilikumbwa na homa ya harambee: kila eneo lilitaka taasisi yake ya teknolojia. Kimathi huko Nyeri, Ramogi huko Kisumu, Gusii huko Kisii, zaidi ya kumi kwa jumla. E.M. Godfrey na Gideon-Cyrus Mutiso, waliozichunguza na kuchapisha makala yao mwaka 1974, waliona siasa ndani ya kila tofali. Mbunge hakuweza kukaa kimya huku jirani yake akichangisha. Wananchi nao walikuwa wajanja. Walijua jengo likishasimama, serikali itaona haya kuliacha bila walimu. Wizara ilipouliza walimu watatoka wapi na wahitimu wataajiriwa na nani, ilionekana kama inayonyima watu maendeleo. Mimi nawatetea wachangiaji. Wangesubiri mpango ukamilike, wangesubiri hadi leo. Taasisi ya Gusii ndiyo Kisii National Polytechnic ya sasa.

Kwa Chepilat, swali la kijana aliyekosa shule na kazi si la mbali. Soko hili liko kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, mpakani mwa Bomet na Nyamira, zamani mpaka wa mikoa ya Bonde la Ufa na Nyanza. Chai iko pande zote mbili. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, vijana wa pande hizo walipambana hapa. Asiye na kazi huitwa haraka kwenye fujo.

Yaliyofuata tunayajua. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza 1985 na karakana zake za harambee, nyingi zikabaki kuta. Mwaka 2013 vyuo vya ufundi vya vijiji vikakabidhiwa kaunti. Kuanzia 2018 serikali kuu ilimchangia mwanafunzi wa taasisi za kiufundi shilingi 30,000 kwa mwaka. Na cheti kimeshinda kabisa: hata kazi ya kutunza faili za wagonjwa, ambayo zamani ilikuwa ya karani yeyote mwenye mwandiko mzuri, ina sheria yake ya mwaka 2016, na masomo yake hutolewa na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba kilichoanza 1927 na chenye tawi Kapkatet. Hilo silipingi. Faili ikipotea, mgonjwa hupewa dawa kwa kubahatisha.

Ninalolipinga ni kumwacha yule asiyefikia hata alama za kuingia huko. Mwaka 1966 huyo ndiye aliyewapeleka watu Kericho. Leo basari ya kaunti hufuata kitambulisho na wadi, na kijana wa Chepilat ambaye chuo kilicho karibu naye kiko ng'ambo ya mpaka huhesabiwa mgeni. Magavana wa Bomet na Nyamira hawahitaji mkutano wa wiki nzima kulirekebisha. Watie saini makubaliano kwamba kijana wa mpakani ajiandikishe upande wowote, kwa karo moja, na basari imfuate.