Mgomba wa Kagera na utata wa spishi

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, aliipa ndizi ya kupika jina la Musa paradisiaca. Mwaka 1759 ndizi tamu akaiita Musa sapientum, kana kwamba ni spishi mbili tofauti.

Wahaya wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, wana mpangilio wao, unaofuata matumizi: ebitoke za kupika, embile za kutengenezea rubisi (pombe ya ndizi), enkonjwa za kuchoma. Ndani ya kila kundi mna aina kadhaa. Mwenye kibanja, yaani shamba la migomba, hachanganyi aina ya Ntobe na ya Nshakala.

Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr alieleza spishi kuwa ni jamii ya viumbe wanaozaana wao kwa wao, wasiochanganyika kiuzazi na wengine. Kipimo hicho kinawafaa ndege na swala. Mgomba wa Kagera unakikwepa: una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa kawaida hauzai mbegu, na huongezwa kwa machipukizi.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1955. Watafiti Norman Simmonds na Kenneth Shepherd walikagua sifa 15 za mgomba ili kujua umerithi kiasi gani kutoka spishi mbili za mwituni, Musa acuminata (A) na Musa balbisiana (B). Ikabainika kuwa majina yote mawili ya Linnaeus yalikuwa ya machotara. Ebitoke na embile zikaingia kundi la AAA (seti zote tatu za A), enkonjwa AAB (mbili za A, moja ya B). Mwaka 1998 Deborah Karamura wa Uganda akaigawa migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki katika makundi matano, mojawapo likiwa la ndizi za pombe.

Ngazi za juu za uainishaji hazina mzozo mkubwa. Jenasi Musa imo katika familia ya Musaceae pamoja na enseti ya Ethiopia, na familia hiyo imo katika oda moja na tangawizi, iliki na manjano.

Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ebitoke na embile, pamoja na majina yao mengi, karibu zote zimetokana na chimbuko moja. Ugonjwa wa mnyauko bakteria ulipoingia Kagera mwaka 2006, hakuna aina iliyokuwa na kinga kamili. Ukinzani umepatikana kwa Musa balbisiana wa mwituni. Wingi wa majina kibanjani, basi, si kinga dhidi ya maradhi. Mkulima achague machipukizi safi, na mtafiti atafute damu mpya nje ya ukoo huo.