Daawa ya Cherehani
Elias Howe, aliyepewa hataza ya cherehani huko Marekani mwaka 1846, aliporejea kutoka Uingereza hali fakiri na kukuta matajiri wakiuza mitambo yenye sindano ya tundu nchani kama yake pasipo idhini, aliwashtaki. Isaac Singer, mmoja wao, alijitetea kwa hoja ambayo hata leo ni ngao ya mdaiwa, kwamba Walter Hunt alikwishabuni mtambo huo zamani; lakini Hunt, ajabu yake, hakuuombea hataza alipoubuni, na mwaka 1854 Howe akashinda. Kisha, kwa kuwa kila kampuni ya cherehani ilishika hataza ambayo wenzake waliihitaji, mwaka 1856 zikasuluhishana na kuziunganisha hataza hizo, Howe akilipwa mrabaha kwa kila cherehani. Wala sidhani zilipatana kwa mapenzi, bali kwa kuchoshwa na gharama za mawakili.