Kahawa na Moto Wake

Zamani kinywaji kikuu cha Wafipa kilikuwa pombe ya ulezi. Kahawa na chai zilifuata baadaye, nazo zikafuatwa na hofu yake. Mwaka 1991 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, waliishuku kahawa kuwa huenda ikaleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 wenzao 23 walipitia uchunguzi zaidi ya 1,000, wakaifutia shutuma. Wanywaji wengi walikuwa wavutaji tumbaku pia, na kosa la moshi lilibandikwa kikombe.

Lakini walitoa na hukumu ya pili, ambayo yatuhusu zaidi: kinywaji chochote, hata maji matupu, kinywewacho kikipita nyuzi 65, yamkini huleta saratani ya umio. Maradhi hayo ni mengi mashariki ya Afrika, toka Ethiopia hata Malawi. Huko Kilimanjaro watafiti walipima chai ya watu 188; habari zake zikachapishwa 2015. Kwa wastani walianza kunywa katika nyuzi 70.6, na wa chai ya maziwa waliwashinda wa chai kavu, kwa kuwa hii hupoa upesi zaidi.

Sumbawanga yakaa mita 1,800 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94. Mtu asidhani kimo hicho chamwokoa: 94 ni mbali na 65, na baridi ya Juni hamngojei mtu apoze kikombe.