Safu ya Lugha: Bunduki ya upepo

Kasulu na Kibondo gobore linajulikana: baruti na risasi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki ya upepo haitumii baruti. Je, inastahili jina la bunduki? Inastahili sana. Asili ya neno ni Kiarabu, bunduq: kokwa dogo la mviringo linaloliwa, kisha kigololi kilichorushwa kwa upinde. Jina lilitangulia baruti. Na risasi ni jina la madini yenyewe, yaleyale yanayotengenezewa vidonge vya bunduki ya upepo.

Tuseme upepo au hewa? Fundi baiskeli hajazi tairi hewa, anajaza upepo. Hewa tunaivuta, ikibanwa ikasukuma, huwa upepo. Bunduki ya upepo ya aina ya springi ina pampu kama ya fundi huyo ndani yake. Ukikunja mtutu, springi inabanwa. Ukivuta kifyatulio, springi inaachia, pistoni inasukuma upepo na kidonge kinatoka. Kwa hiyo mpenda shabaha anayeitengeneza vizuri hushughulikia springi, sili ya pistoni na grisi. Mafuta yakizidi mbele ya pistoni huwaka kwa joto la mbano. Kuifyatua bila kidonge huharibu springi na sili.

Jina ni sahihi, basi tuiheshimu kama bunduki: isielekezwe kwa mtu kamwe. Na kabla ya kununua, fika kituo cha polisi uulize kuhusu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.