Unene wa Kitabu cha Wachawi: Historia ya Mage: The Ascension

Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, yaani ile ambayo kila mchezaji huamua na kusema kwa niaba ya mhusika aliyemuunda huku mwenzao mmoja akisimulia yanayowapata, ilianza kuuzwa madukani nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Uchawi katika mchezo huo ulikuwa orodha: mchezaji aliteua tendo lililokwisha kuandikwa pamoja na vipimo vyake, na akishalitenda lilimtoka akilini mpaka ajiandae upya.

Orodha hiyo ilianza kuvunjwa mwaka 1987 na Ars Magica ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, ambamo wachawi wa Ulaya ya Zama za Kati huunganisha vitenzi vitano na nomino kumi za Kilatini ili kubuni tendo papo hapo. Mage: The Ascension, iliyotolewa na kampuni ya White Wolf mwaka 1993, ilirithi uhuru huo na kuuhamishia katika miji ya leo, kwa wazo zito zaidi: kwamba uhalisia ni makubaliano ya wanadamu wote, na mchawi ni mtu aliyezinduka akaweza kuyapinga. Mapokeo tisa ya wachawi hushindana na Teknokrasia, umoja wa siri uliowafundisha watu kuamini mashine na maabara, na kwa hiyo risasi na ndege hufanya kazi kwa sababu zinaaminika.

Hapa ndipo ulipo uzuri wa mchezo huu, na ndipo ulipo ugumu wake. Nguvu zote zimegawanywa katika nyanja tisa, zikiwamo uhai, akili, maada na wakati, kila moja ikiwa na ngazi tano. Mchezaji hueleza analokusudia na namna imani ya mhusika wake inavyoliwezesha, kisha hurusha dadu zenye pande kumi. Tendo linaloweza kudhaniwa sadfa, kama bomba la gesi kulipuka, hupita kwa urahisi, ilhali moto unaotoka mkononi mbele ya watu huleta Paradoksi, yaani adhabu ambayo uhalisia humrudishia aliyeukiuka. Lakini nani aamue mpaka wa sadfa? Kila meza ilijibu kivyake, na majibu yakarundikana katika matoleo ya 1995 na 2000.

Toleo la kuadhimisha miaka 20, lililoongozwa na Satyros Phil Brucato na kutoka mwaka 2015, lilikusanya mrundo huo katika kurasa zinazokaribia 700. Kama hazina ya fikra kuhusu imani na mamlaka, kitabu hicho hakina mfano katika fani yake, na subira yake katika kueleza desturi za kichawi za mataifa mbalimbali inastahili heshima. Kama chombo cha kutumia mezani, kinamchosha msimulizi anayetafuta kanuni moja iliyotawanywa katika sura kadhaa. Hata baada ya kurasa zote hizo, ilibidi kitolewe kijitabu kingine, How Do You DO That?, cha kufafanua ni nyanja zipi huunganishwa kwa tendo lipi.