Sahani ya mama wa Niemba: historia yenye hatukufundishwa ku iniverisite



Mwaka jana, wakati wa likizo, nilirudia kwetu ku Niemba. Magaribi, mama mukubwa alitupikia bukari ya muhogo, sombe na ndagala. Mimi, muzee wa nyumba na watoto tulipewa ndagala. Yeye alikula wa mwisho: bukari na muchuzi wenye ulibakia mu chungu. Ana miaka 52. Miezi mbili mbele ya pale alikuwa ameteleza na ndoo ya maji, mukono ukavunjika. Nilimuuliza juu ya nini hakuli samaki. Akacheka: «Baba, mimi nilishaka kumaliza kuzaa. Samaki ni ya wale wenye wangali wanakomea.»

Lile jibu liliniuma. Mimi niko na licence ya kilimo. Nilijifunza kuhesabu tani kwa hektari, lakini hakuna siku nilijiuliza nani mu nyumba anakula nini, na tangu wakati gani. Basi leo tuangalie pamoja historia ya ile sahani.

Wakati watu wa mbali wanasikia jina Niemba, wanakumbuka tarehe 8 Novemba 1960, siku askari 9 wa Ireland, wenye walikuja na ONU, walipoteza maisha karibu na daraja. Ni historia ya kweli na ya huzuni. Lakini kuko historia ingine, ya chungu na mwiko, na ile ni wamama njo wameibeba.

Zamani, mu sehemu kubwa ya inchi yetu ya savana, bukari ilikuwa ya mutama na ulezi. Muhogo na mahindi ni wageni: vilitoka Amerika, Wareno wakavileta ku pwani ya Atlantiki mu miaka ya 1500, kisha vikatembea kijiji kwa kijiji na njia za biashara. Kwa hiyo muhogo ulikuwa unajulikana mu Kongo mbele ya Wabelgiji. Lakini kujulikana ni kitu kimoja, kutawala sahani ni kingine.

Nini ilibadilisha mambo? Angalia tarehe. Mu mwaka 1915, njia ya reli kutoka Kabalo ilifika ku ziwa, pale Albertville, yenye leo ni Kalemie. Niemba ikakuwa gare. Mu mwaka 1917, serikali ya kikoloni ilianzisha milimo ya lazima: kila mwanaume wa kijiji alipaswa kulima kile serikali inataka. Baadaye, mu 1933, sheria ilipanga siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mu 1942, zikapandishwa mupaka 120. Juu ya hayo, vijana walichukuliwa ku kazi za reli na ku migodi ya Union Minière kule Katanga.

Sasa fikiri kama agronome. Mutama na ulezi vinaomba mikono mingi: kupalilia, kufukuza ndege, kuvuna kwa wakati wake. Muhogo unavumilia udongo wenye umechoka, nzige hawaumalize, na unaweza kungojea mu udongo mwaka nzima ao zaidi. Mu nyumba yenye mwanaume hayuko, mama atachagua nini? Serikali pia iliusukuma kama chakula cha kuzuia njaa. Muhogo ulishinda kwa sababu mikono ilipunguka, na mikono yenye ilibakia ilikuwa ya wanawake.

Bei ya ule ushindi iko mu sahani. Mutama una protini karibu gramu 10 mu kila gramu 100; unga wa muhogo, 1 ao 2 tu. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu mu gramu 100. Muhogo uko mbali sana chini ya pale. Tena kazi ya mama haikupunguka, ilihama: kuloweka, kumenya, kuanika, kutwanga. Na ukikata ile kazi mufupi, kuko hatari. Mu 1938, munganga Trolli aliandika juu ya konzo kule Kwango, ugonjwa wenye kulemaza miguu kwa rafla. Unaletwa na sumu ya muhogo muchungu wenye haukulowekwa vizuri, wakati mutu anakosa protini. Wenye unashika zaidi ni watoto na wanawake wenye wangali wanazaa.

Tusitukane muhogo, umetuokoa mara mingi. Na wazee walipata akili ya kuujaza: sombe ina protini na kalisiamu kupita muzizi wake, na ndagala, yenye tunakula na mifupa yake, ni kalisiamu yenyewe. Bukari na sombe na ndagala ni sahani ya maana. Shida ni kwamba tangu vita ya Watwa na Waluba, familia nyingi zilikimbilia Kalemie, zikaacha mashamba, mbuzi na kuku. Wakati chungu kinapunguka, mwenye anaondoa sehemu yake wa kwanza ni mama.

Na anaiondoa wakati mubaya kabisa. Kati ya miaka 45 na 55, hedhi inakoma, na mifupa inaanza kupoteza nguvu mbio zaidi. FAO na OMS wanapendekeza miligramu 1.000 za kalisiamu kwa siku mbele ya pale, na 1.300 kisha. Presha pia inapanda na umri, njo maana OMS inasema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kidogo kimoja. Lakini wamama wetu wanapimwa uzito wakati wako na mimba. Mimba zikiisha, mizani nayo inawasahau.

Siwezi kusema mukono wa mama mukubwa ulivunjika juu ya chakula. Njia ilikuwa na utelezi. Lakini najua kuacha samaki hakumusaidie.

Tufanye nini? Ndagala ibakie na mifupa, na mama apate sehemu yake wakati bukari ingali ya moto. Samaki ya chumvi ilowekwe, maji yamwangwe, na tusiongeze kibe na chumvi tena. Mawese ni dawa ya macho, lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito, kwa hiyo kijiko kipimwe. Maharagi na lengalenga karibu na nyumba. Na sisi wa kilimo, tukienda mu vijiji na mbegu, turudishe pia ulezi, hata mistari mbili pembeni ya muhogo.

Siku ya kurudi, nilimupa mama mukubwa ndagala mbele ya wote. Alikataa. Watoto walishangaa. Kisha muzee mwenyewe alisukuma sahani kwake, akasema: «Kula.» Akakula tatu, akapatia watoto yenye ilibakia.

Tatu ni mwanzo. Na kwenu, nani anakula wa mwisho?